Pip na Joe Mhunzi

Kitabu cha Charles Dickens, Great Expectations, kilichotoka gazetini sehemu kwa sehemu tangu Desemba 1860 hata Agosti 1861, wenzangu wengi hukiita hadithi ya mapenzi. Mimi naona ni hadithi ya aibu. Pip, yatima aliyelelewa na shemeji yake Joe, mhunzi, apata fedha na kwenda London kuwa bwana mkubwa. Joe aenda kumtazama. Amevaa nguo zake za sikukuu, kofia yamwanguka kila mara, naye amwita "bwana" mtoto aliyemlea mwenyewe! Kama fedha zingeweza kumzuia asije, Pip angalilipa. Na fedha zenyewe, asijue bado, zatoka kwa mfungwa aliyehamishiwa Australia.

Dickens aliyajua hayo. Mwaka 1824 babaye alifungwa kwa deni, na yeye, mtoto wa miaka 12, alikuwa kiwandani akibandika karatasi juu ya vikopo vya rangi ya viatu.

Basi, ndugu zangu, siku ya wazazi wako wavulana wamwonao baba langoni, kanzu yake kuukuu, wakasema, "Yule ni mtu wa kijijini kwetu." Na kitabu wamekwisha kukisoma kwa ajili ya mtihani! Napenda mwalimu awaulize swali moja tu: karo yao alilipa nani?