Maongezi ya Nyumbani: Moyo wa Kusema Sitaki

Mwalimu mmoja wa upande wa Tarime ametuletea barua fupi, naye atuuliza neno ambalo twadhani wengi wenu mmekwisha kujiuliza. Asema, Nitawafundishaje watoto wangu wawe na moyo thabiti, wajiamini, wasichukuliwe na kila upepo? Vitabu vya mambo hayo ameviona mjini, vimepangwa chini barabarani pamoja na betri na vocha za simu, navyo vyamwagiza mtu asimame mbele ya kioo kila asubuhi ajiambie kwamba aweza yote. Mwalimu huyu alijaribu juma moja. Asema alichoka na kioo.

Sisi hatukumcheka. Ila twaona kwamba jibu halimo katika vitabu vile. Limo katika milima yake mwenyewe, kati ya migomba na kahawa, na tena ng'ambo ya mto Mara, katika nchi ya Serengeti, upande wa Mugumu.

Kwanza tuseme lililo haki. Wakurya hawana haja ya mgeni kuja kuwafundisha ushupavu. Tangu zamani mtoto wa Kikurya hulelewa akijua kwamba siku yake itafika, naye atasimama mbele ya watu wa ukoo wake, kisu kitapita, na jicho lake lisipepese. Akilia, aibu ni ya nyumba nzima. Hayo hutakiwa kwa mvulana, na msichana naye hutakiwa yayo hayo. Ushupavu huo ni wa kweli, wala hatuudharau. Walakini tuutazame vema. Mtoto yule hasimami peke yake. Wajomba wapo, shangazi wapo, nyimbo zaimbwa tangu usiku, zawadi zamngoja, na akirudi nyumbani atasindikizwa barabarani kwa vigelegele. Watu elfu wamembeba. Ni vigumu kustahimili maumivu. Lakini si vigumu kujua utakalo kutenda, maana wote wamekwisha kukuamulia.

Sasa mtazame binti wa miaka 12 au 13 asemaye, Mimi sitaki.

Huyu hakubebwa na mtu. Mwezi wa Desemba umefika, shule zimefungwa, na wazee wa mila wa ukoo wamekwisha kutangaza kwamba mwaka huu ni mwaka wa tohara. Rafiki zake wa darasani wamo katika nyimbo. Bibi amekuja kutoka kijiji cha pili, amenunua kanga. Baba amekwisha kuhesabu ng'ombe wa mahari ambao hawajaja bado. Na kama binti akikataa, liko jina analongojwa nalo: msagane, yaani asiyetahiriwa. Jina hilo ataitwa kisimani, ataitwa sokoni, huenda ataitwa na mdogo wake. Yasemwa hapo kale kwamba msagane hataolewa, na chakula chake hakifai kuliwa na wakwe. Na juu ya hayo, wanaomlazimisha si adui zake. Ni watu wampendao. Hilo ndilo lililo gumu kuliko yote. Kumkataa adui ni kazi ya kila askari. Kumkataa mama yako, hali mama alia, ni kazi nyingine.

Hata hivyo, mabinti wa namna hiyo wako, nao si wachache. Tangu mwaka 2008 kituo cha Masanga, wilayani Tarime, ambamo masista wamehudumu, kimekuwa kikiwapokea wasichana katika miezi ya Novemba na Desemba, wakae mpaka hatari ya msimu ipite, wafundishwe habari za miili yao na za maisha, kisha wafanyiwe sherehe ya kuvuka utoto pasipo kisu. Huko Mugumu, wilayani Serengeti, Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Mara, lilifungua nyumba salama mwaka 2014. Aliyeisimamia ni Bibi Rhobi Samwelly, ambaye mwenyewe alikeketwa akiwa na miaka 13, akatokwa na damu nyingi hata ikakaribia kuwa mauti yake. Mwaka 2017 alianzisha shirika lake, Hope for Girls and Women, lenye nyumba Mugumu na Kiabakari, katika wilaya ya Butiama. Baadhi ya wasichana walifika kwa miguu usiku, wakipita porini, katika nchi ambayo fisi si hadithi ya kutishia watoto.

Twawaomba msome tena habari ya Bibi huyu. Yeye hakukataa, hakuweza. Alikuwa mtoto, na watu wazima walikuwa wengi. Moyo wake ulipata nguvu baadaye, pale alipokusudia kwamba wengine wasipitishwe alikopitishwa yeye. Twalisema hili kwa sababu twajua wako mama na dada wanaosoma ukurasa huu ambao siku yao ilipita zamani nao hawakukimbia. Wasidhani kwamba maneno haya yanawashitaki. Mtu hawezi kulaumiwa kwa mlango aliofungiwa.

Basi, wasichana hawa waliupataje moyo ule? Kila mmoja ana habari yake, lakini yako mambo ambayo mwalimu wetu aweza kuyashika.

Kwanza, mtu hajiamini katika jambo asilolijua njia yake. Msichana aweza kuwa na moyo wa simba, na kama hajui nyumba salama iko wapi, au kwamba katika kituo cha polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, moyo ule utamfikisha uani tu, kisha atarudi ndani alale. Jambo hili liliwasumbua hata wale waliotaka kuokoa: vijiji vingi havikuwamo katika ramani yo yote, basi simu ikipigwa usiku, gari halikujua lipite wapi. Tangu mwaka 2015 watu wa kujitolea wa mradi uitwao Crowd2Map, wengi wao wakiwa katika nchi za mbali, wamekuwa wakichora barabara na nyumba kwa kutazama picha zilizopigwa kutoka angani, na wenyeji wakiongeza majina ya vijiji, mashule na zahanati. Nani angedhani kwamba ramani ni chombo cha kutia moyo? Lakini ndivyo ilivyo. Hofu kubwa ikigawanywa katika hatua, hatua ya kwanza ni ipi, ya pili kwa nani, ya tatu niseme nini, hupungua hata mtoto akaweza kuibeba.

Na sheria ni sehemu ya njia hiyo. Tangu mwaka 1998 sheria ya Tanzania yakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Kifungo chake si chini ya miaka 5 wala si zaidi ya 15, au faini, au vyote viwili. Kenya nayo ilitunga sheria yake mwaka 2011, basi asidanganyike mzazi anayempeleka bintiye ng'ambo ya mpaka wa Sirari kwa shangazi. Mtoto ajuaye kwamba Serikali yake iko upande wake hasimami peke yake tena, hata kama ukoo wote umempa mgongo.

Jambo la pili ni dogo zaidi, nalo lafanyika jikoni. Twauliza: mtoto wako amepata kukukatalia neno lo lote, nawe ukamsikiliza? Wengi wetu tutajibu kwa fahari kwamba hapana, watoto wetu wana adabu. Twaipenda adabu. Lakini mtoto ambaye kwa miaka 12 hajapata kusema Sitaki na kusikilizwa, hata juu ya uji uliochacha au mzigo wa kuni unaomzidi, atalisema wapi neno hilo siku ya kisu? Ulimi ni kama mguu, usiotembea hulegea. Tulipata kusikia katika nyumba moja, ambayo hatutaitaja, bibi na mjukuu wake wakiongea kando ya moto.

"Bibi," asema mtoto, "kesho sitakwenda kisimani kwa njia ya mtoni. Wako vijana pale, wananishika mkono."

Bibi akanyamaza kidogo. Twalikuwa twangoja amkemee, maana njia ya mtoni ni fupi. Kisha akasema, "Haya, mjukuu wangu. Pita njia ya juu. Nami nitakuja nawe, niwaone hao vijana ni wa nani."

Ni hayo tu. Lakini tangu siku ile mtoto yule ana jambo moja alijualo kwa hakika: nikisema, nasikiwa. Kujiamini hakujengwi kwa maneno makubwa, hujengwa kwa mambo ya kweli yaliyokwisha kutokea. Daudi hakumwendea Goliathi kwa sababu alijisifu kitandani. Aliwakumbuka simba na dubu wa malishoni, tena akaivua silaha ya mfalme kwa sababu hakuizoea. Waalimu nao wanaweza kufanya vivyo hivyo darasani. Wapeni wasichana kusimama na kusema mbele ya wenzao, wakosee, wacheke, wasimame tena. Wapeni kusimamia daftari ya madeni ya duka la shule, au funguo za stoo. Mtoto aliyeaminiwa na funguo hujiona mtu.

Tena sharti awe na mtu mzima mmoja. Twasema mmoja, hatusemi kumi. Mama mdogo, mwalimu, katekista, jirani mwenye simu. Moyo wa mtoto, hata uwe thabiti namna gani, hutaka pa kushikia.

Sasa tuseme la kesho yake, maana hadithi nyingi huishia pale binti alipofika salama, na sivyo. Msimu hupita, mwezi wa Januari huja, shule hufunguliwa. Watu wa nyumba zile huenda kwa wazazi, pamoja na polisi na maafisa wa ustawi wa jamii, kupatanisha, na wazazi hutia sahihi kwamba hawatamkeketa mtoto. Wengine hukubali kwa furaha. Walikuwa wakiogopa majirani tu. Wengine hukataa, na mtoto hubaki kituoni, akasoma au akajifunza kushona. Na yule anayerudi, arudi katika nini? Katika kisima kile kile na jina lile lile. Baba hupita mlangoni bila kumwitikia salamu. Hapa ndipo ushupavu wa kila siku unapotakiwa, usio na nyimbo wala shahidi: kuteka maji, kurudi, kupika, kufanya hesabu za shule usiku, na kesho tena. Twadhani usiku ule wa kukimbia ulikuwa mwepesi kuliko mwezi wa Februari.

Je, mambo yanabadilika? Yanabadilika, polepole. Hesabu za Serikali za afya ya jamii zilionyesha mwaka 2010 kwamba katika mkoa wa Mara wanawake kama 40 katika kila 100, wa miaka 15 mpaka 49, walikuwa wamekeketwa. Hesabu ya mwaka 2015 na 2016 ilionyesha 32, na ile ya mwaka 2022 ilionyesha 28. Tofauti ile, kutoka 40 mpaka 28, ndani yake wamo wasichana waliosimama peke yao uani saa saba za usiku. Hatuwezi kuwahesabu mmoja mmoja.

Lakini liko neno linalotuuma tangu tulipoanza kuandika, nasi hatutalificha. Twawataka watoto wa miaka 12 wawe na moyo ambao sisi wazee hatuna. Wangapi katika mabenchi ya makanisa yetu Jumapili huimba kwa sauti, na Desemba ikifika husema, Ukoo umeamua, nifanyeje? Baba akimkatalia mzee wa mila hatatembea porini usiku. Atanyimwa pombe katika baraza, labda. Atachekwa. Labda hawatamwita katika shauri la shamba. Hayo ni machungu, hatuyafanyi kuwa madogo. Mtu asiye na ukoo huko kwetu ni nani? Lakini yalinganisheni na ya bintiye. Tunawajua wababa wachache waliosema Sitaki kwa niaba ya watoto wao, mchana, mbele ya ndugu zao, na nyumba zao zimesimama mpaka leo. Wake zao hutuambia kwamba jambo lililowasaidia ni kwamba walisema mapema, mwezi wa Septemba, kabla ng'ombe hawajatajwa na kanga hazijanunuliwa. Tena walisema wawili pamoja, mume na mke, wasije wakagawanywa na shangazi.

Basi, bwana mwalimu, twakuomba hivi. Kabla shule hazijafungwa, keti na darasa lako la sita na la saba, wavulana pamoja na wasichana. Wavulana usiwaache nje. Hao ndio watakaosema kesho kama watamwoa msagane au hawatamwoa, na mvulana mmoja akisema kwa sauti kwamba yeye atamwoa, huondoa nusu ya mzigo. Waandikishe katika daftari njia ya kwenda kwa mtu mzima mmoja wamwaminiye. Wakishaandika, watembee nayo mchana, waijue miti na vivuko, maana usiku njia si ile. Na jina lako wewe, kama unalikubali, liwe mojawapo ya majina yale. Lakini usiliandike kama huna nia ya kuamka utakapobishiwa hodi.

Barua yako ilikuwa na swali la pili, juu ya watoto wa kiume wanaoona haya kulia msibani. Hilo tutalijibu mwezi ujao, nafasi ikituruhusu.