Mchezo wa jiwe na fagio

Juma hili tuongee juu ya mchezo ambao wengi wetu hatujauona hata kwa televisheni. Unaitwa kalingi, na unachezwa juu ya barafu katika nchi za baridi kama Kanada, Uswisi na Uskoti. Tusikimbilie kusema kwamba hautuhusu. Vyombo vyake ni viwili tu, jiwe na fagio, na hapa Goma hakuna mama asiyevijua.

Mchezo wenyewe uko hivi. Timu ni mbili, kila moja watu wanne. Kiwanja ni njia ya barafu ya urefu wa mita 45 hivi, na mwisho wake kumechorwa duara kubwa lenye maduara mengine ndani yake. Hapo wanapaita nyumba. Kila mchezaji anatelezesha mawe mawili kuelekea nyumba. Jiwe lina uzito wa karibu kilo 20, sawa na bidoni ya lita 20 iliyojaa maji. Mawe ya mashindano makubwa yanachongwa kutoka kisiwa cha Ailsa Craig, Uskoti, ambacho ni mabaki ya volkano ya kale. Lava yetu ilipoa haraka juu ya ardhi ikajaa matundu. Mwamba ule ulipoa polepole chini, ukawa mgumu sana. Mawe yote 16 yakiisha kutupwa, wanaangalia ni la nani liko karibu zaidi na katikati ya nyumba. Timu hiyo ndiyo inapata alama, moja kwa kila jiwe lililokaribia kuliko jiwe bora la wapinzani. Kisha wanaanza duru nyingine.

Na fagio? Jiwe likiisha kuachiwa, wachezaji wawili wanakimbia mbele yake wakisugua barafu kwa nguvu. Barafu inapata joto kidogo, jiwe linateleza mbali zaidi na halipindi sana. Nahodha anasimama kule mwisho, anapiga kelele: fagieni! acheni! Aliyetupa jiwe hawezi tena kuligusa. Lifike au lisifike, sasa liko mikononi mwa wanaofagia.

Wanawake walianza kushindania medali ya kalingi kwenye Olimpiki mwaka 1998, huko Nagano, Japani. Ni michezo ileile ambako Mkenya Philip Boit alishindana kwa kuteleza juu ya theluji; alimaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwe akamngoja kwenye mstari ili amkumbatie. Dhahabu ya kalingi ya wanawake ilikwenda Kanada. Nahodha wao, Sandra Schmirler, alikuwa amejifungua mtoto wa kike mwezi wa tisa mwaka 1997. Miezi miwili baadaye alikuwa kwenye mashindano ya kuchagua timu ya taifa, na mwezi wa pili alivaa medali. Mama aliye na mtoto mchanga anajua kwamba safari ya namna hiyo haifanywi na mtu mmoja.

Sandra alifariki kwa kansa mwezi wa tatu mwaka 2000, akiwa na miaka 36, akaacha mabinti wawili wadogo. Baada yake kukaundwa mfuko unaobeba jina lake, unaochangisha pesa za kununulia hospitali vifaa vya kuokoa watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Jiwe lilikuwa limeachiwa. Wenzake waliendelea kufagia. Sisi tunaochanga likelemba tunaelewa kazi hiyo.

Jambo lingine linanivutia kama mwalimu. Katika kalingi, fagio au mguu wako ukigusa jiwe linalotembea, ni wewe unayesema, hata kama mwamuzi hakuona. Kabla na baada ya mchezo wanapeana mikono, na kwa desturi walioshinda wananunulia walioshindwa kinywaji.

Barafu hatuna, lakini sakafu ya simenti tunayo. Chora maduara kwa chaki. Chukua mikebe midogo, uijaze mchanga, uifunge vizuri. Gawa watoto katika timu mbili, wasichana na wavulana pamoja, kila mtu mikebe miwili. Kufagia kutakosekana, basi mpe kila mtoto mwenzake wa kusimama kwenye nyumba na kumwelekeza. Weka sharti moja tu: anayegusa mkebe wa mwingine anajisema mwenyewe. Mtoto wa kwanza atakayejisema, msimcheke wala msimkaripie. Mpigieni makofi, kwa sababu anayejisema kwa kosa la mkebe atathubutu kesho kumwambia mama yake mambo mazito zaidi.

Tukutane juma lijalo.