Kanda za Harusi Zisitupwe

Majuzi nyumbani Kisauni tulitazama filamu ya mwaka 2016 kuhusu Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarabu kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905. Nyanya hakubanduka hadi mwisho, kisha akauliza, "Na wetu je?"

Wetu wamo makabatini! Waimbaji wa Mombasa kama Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, walitumbuiza maharusini, na kanda za video zikanaswa. Leo zaliwa na ukungu, nyingine ati twawapa watoto wachezee. Mimi nasema hizo ndizo filamu zetu. Kabla hujatupa, muulize mzee: nani huyu apigaye kodiani? Nani wa ngoma? Andika majina. Mali bila daftari hupotea bila habari.