Daftari la Wiki: Moja kwa Sita

Jumanne jioni niliketi na wanafunzi wanaokutana kusoma vitabu vya hatari zinazoweza kufuta kizazi chote cha binadamu. Safari hii wamo ndani ya The Precipice cha Toby Ord, mwanafalsafa wa Oxford, kilichotoka 2020. Ord anakadiria kwamba uwezekano wa janga la aina hiyo katika miaka mia ijayo ni moja kwa sita. Kimondo amekipa moja kwa milioni. Akili mnemba, moja kwa kumi. Kijana wa hisabati akauliza hiyo sita imepimwa kwa mizani gani. Haikupimwa. Ni makisio, na Ord mwenyewe hafichi.

*

Mimi ningewasomesha kwanza habari za Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia. Oktoba 1977 alipanda gari na wagonjwa wawili wa ndui ili awaonyeshe dereva njia. Mwendo wa dakika chache tu, lakini hakuwa amechanjwa kwa sababu aliogopa maumivu ya sindano. Akaugua, akapona, akaingia kwenye historia kama mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida. Baadaye alijitolea katika kampeni za chanjo ya polio, akiwasimulia wazazi wenye wasiwasi yaliyompata yeye. Alifariki 2013, kwa malaria.

Ndui yenyewe haikuishia Merca. Mwaka 1978, huko Birmingham, Uingereza, mpiga picha wa chuo cha udaktari ambaye ofisi yake ilikuwa juu ya maabara ya virusi hivyo aliambukizwa, akafa. Hadi leo virusi vimehifadhiwa rasmi mahali pawili, Atlanta na Koltsovo huko Urusi. Muda wa kuviteketeza umewekwa na kuahirishwa tangu miaka ya 1990. Kwangu hilo linatisha kuliko kadirio lolote la Ord, maana hapa hatukisii: wenye funguo wanajulikana.

*

Kuhusu volkano, waulizeni wa Ziwa Nyasa. Toba ya Sumatra ililipuka yapata miaka 74,000 iliyopita, na wapo waliodai kwamba nusura binadamu tumalizike. Majivu yake yamekutwa ndani ya tope la chini ya ziwa letu hilo, lakini uchunguzi uliochapishwa 2013 haukuona dalili kwamba huku kulipigwa na baridi kali baada ya mlipuko.

*

Taasisi ya Oxford iliyoanzishwa 2005 kutafakari mustakabali wa binadamu, ambako Ord naye alifanya kazi, ilifungwa Aprili 2024. Si kimondo wala roboti. Ilikuwa na mivutano ya kiutawala na kitivo chake, kitivo cha falsafa. Wanafunzi walipolisikia hilo walicheka sana, kisha mmoja akataka kujua barua za kitivo kuhusu mivutano hiyo, kama zipo, zinapatikana wapi.