Rai Isiyosemwa Haihesabiwi



Kila linapotajwa jambo la hali ya hewa katika mikutano ya matawi, husikika neno moja: "Dunia wameiharibu Wamarekani kwa mafuta yao na viwanda vyao, sisi wakulima wa karafuu tuna nini?" Neno hili lina kweli ndani yake. Kwa hesabu ya moshi wa makaa ya mawe, mafuta na gesi, Mmarekani mmoja hutoa zaidi ya tani 13 za hewa ya ukaa kwa mwaka, na Mtanzania mmoja hafikishi hata nusu tani. Lakini wako wanaotoka hapo wakasema kwamba fikira za Wamarekani hazituhusu, na kwamba sisi wenyewe hatuna haja ya kuwa na rai yetu. Hapo ndipo hatukubaliani nao.

Kwamba zatuhusu, shahidi ni Tabora na njia ya zamani ya misafara, ambayo visiwa hivi vilikuwa mlango wake. Mwaka 1833 Seyyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters wa mji wa Salem akafika Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza wa nchi hiyo. Meli za Salem zilileta nguo ya pamba ambayo wazee wetu waliiita merikani. Nguo hiyo ikachukuliwa mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kutoka Bagamoyo, kupita Ugogo, mpaka Unyanyembe ilipo Tabora, na kutoka huko mpaka Ujiji. Pembe za ndovu zikarudi pwani kwa njia hiyo hiyo, na nyingi zikaishia katika jimbo la Connecticut, zikachongwa vibao vya piano. Njia hiyo pia ilipitisha watumwa, na baadhi yao ndio waliolima mashamba ya karafuu ya visiwa hivi. Jambo hilo haifai kulificha.

Watu wa Connecticut hawakuwa na ugomvi na ndovu wa Unyamwezi. Walitaka piano tu. Hawakuuliza pembe zatoka wapi, wala hakuna aliyekwenda Tabora kuuliza watu wa huko waonaje. Basi ndovu wakapungua, na wawindaji wakazidi kwenda mbali barani. Hivyo ndivyo matakwa ya watu walio mbali yanavyoweza kufika mpaka katika misitu ya watu wasiojuana nao.

Leo njia ni nyingine, lakini mambo yafanana. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, lapita katika mkoa wa Tabora. Huko Sojo, wilaya ya Nzega, kilijengwa kiwanda cha kuyavika mabomba gamba la kuhifadhi joto, kwa kuwa mafuta hayo huganda kama nta yasipopashwa moto njiani. Jambo hilo lilileta kelele duniani. Mwezi wa Septemba 1922 haukuwa na bomba wala kelele. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulilaumu, na vyama vya watu wa Ulaya na Marekani vikashikilia mabenki yasitoe fedha, na mengi yakakataa. Wakubwa wa huku wakajibu kwamba waliotajirika kwa mafuta hawana haki ya kuwakataza wengine. Hatutaki kuamua hapa nani mwenye haki. Twasema tu kwamba pande zote mbili zilisema kwa niaba ya mkulima ambaye bomba limepita shambani mwake, na sauti yake mwenyewe ndiyo iliyosikika kidogo kuliko zote.

Tazameni tena tumbaku. Baada ya mpango wa Waingereza wa kulima karanga, ulioanza mwaka 1947, kuanguka huko Urambo, tumbaku ndiyo iliyoshika mahali pake. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa moto siku kadhaa ndani ya nyumba ambazo wenyewe huziita mabani, na kuni zake ni miti ya miombo. Miombo hiyo hiyo ndiyo malisho ya nyuki, na asali ya Tabora ni maarufu tangu zamani. Kwa hiyo mtu wa Sikonge au Kaliua ana tumbaku mkono wa kulia na asali mkono wa kushoto, na zote mbili zautegemea mti mmoja. Huyo ana mengi ya kusema juu ya kuni, moto na mvua kuliko wengi wanaoandika vitabu.

Sasa, hao Wamarekani wenyewe wana rai gani? Tangu mwaka 2009 wataalamu wa vyuo vikuu vya Yale na George Mason wamekuwa wakiwagawa watu wa nchi yao mafungu sita, kuanzia wenye hofu kubwa mpaka wanaokataa kabisa kwamba kuna jambo. Walio wengi hukiri kwamba dunia inazidi joto. Na mwaka 2022 wataalamu wengine walichapisha utafiti wa ajabu. Waliona kwamba Wamarekani wanaounga mkono sheria kubwa za kuzuia madhara haya ni baina ya 66 na 80 katika kila mia. Walipoulizwa wakisie wenzao wangapi wanaunga mkono, wakasema baina ya 37 na 43. Yaani walio wengi hujidhani ni wachache! Kila mmoja hudhani jirani yake ana fikira nyingine, basi hunyamaza, na jirani naye akimwona amenyamaza hunyamaza vilevile.

Hatusemi kwamba kimya hicho peke yake ndicho kinachoyumbisha serikali yao. Fedha za makampuni ya mafuta na ugomvi wa vyama viwili vyao vina nguvu. Lakini wenye nguvu hupata nafasi palipo na kimya. Marekani ilitoka katika Mkataba wa Paris Novemba 2020, ikarudi Februari 2021, na Januari 2025 ikatiwa saini amri ya kutoka tena. Sheria ya Agosti 2022 ilimwaga fedha katika umeme wa jua na upepo, na Julai 2025 sehemu kubwa yake ikafutwa.

Mwenye kudhani hayo ni ya kwao tu, na aukumbuke waya wa umeme uliopita chini ya bahari mpaka Fumba, wa megawati 100, uliozinduliwa mwaka 2013. Ulilipiwa na fedha za watu wa Marekani kupitia shirika lao la MCC. Mwezi wa Machi 2016 shirika hilo hilo lilisimamisha msaada wa pili, ambao nao ulikuwa wa umeme, kwa sababu za siasa ambazo hapa si mahali pake. Waliotoa walikuwa mbali, na waliozuia walikuwa mbali. Taa ni zetu.

Basi turudi kwetu. Sisi twaanika karafuu juani. Mvua ikinyesha wakati wa kuanika, karafuu huwa mpeta na bei huanguka. Hakuna anayeijua mvua kama mwenye majamvi uani. Kadhalika twapikia kuni na makaa, na wako wanaokata hata mikarafuu iliyo hai. Mei 2024 Serikali ya Muungano ilizindua mkakati wa kutaka watu 80 katika kila mia wapikie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Ni nia njema. Lakini mtungi wa gesi una bei, na mkulima anajua aweza kulipa kiasi gani na mwezi gani hana kitu. Asiposema, watakisia wengine.

Kwa hiyo twapendekeza kila tawi lifanye baraza kabla ya mkutano mkuu ujao na kuandika mambo matatu: mvua zimebadilika vipi katika mashamba yake, kuni zatoka wapi na miti mingapi imepandwa badala yake, na wanachama wako tayari kupikia nini, kwa bei gani. Wanawake waitwe, maana wao ndio wenye jiko. Majibu tutayakusanya na kuyapeleka wizarani, kwa wanunuzi wa karafuu, na kwa wageni wanaokuja kutueleza habari zetu.

Ataulizwa mtu: nani atatusikiliza sisi wadogo? Jibu wanalo wapagazi wa Unyamwezi. Hawakuwa na meli wala bohari. Mzigo wao ulikuwa kadiri ya frasila mbili kwa mtu. Ulipozidishwa, au posho ilipopunguzwa, waliuweka chini wakakaa, na mwenye msafara, hata awe tajiri namna gani, alilazimika kukaa nao akasemezana nao. Walisikilizwa kwa kuwa walisema pamoja, na kwa kuwa walijua uzito wa mzigo kuliko mwenye mali.

Mzigo wa mabadiliko haya ya hali ya hewa umo mabegani mwetu pia. Tuseme una uzito gani.

Katibu wa Chama