Sayansi ya Viputo Isiachiwe Wageni

Mama mjamzito afikaye katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Singida, pale Mandewa, hupimwa kwa altrasaundi na kurudi nyumbani na habari za mwanawe. Kwa wananchi wengi chombo hicho ni cha kutazamia mimba, basi. Lakini mawimbi hayo ya sauti, yasiyosikika kwa sikio la binadamu, sasa yanachunguzwa kwa kazi nyingine kubwa: kuifikisha dawa mahali penye ugonjwa.

Inaeleweka kwamba dawa kali, kama zile za saratani, huenea mwilini kote na kuviumiza hata viungo vizima. Watafiti hutia katika damu viputo vya gesi vilivyovikwa utando mwembamba, kila kimoja kikiwa kidogo kuliko chembe nyekundu ya damu. Mawimbi yakivipiga, viputo hutanuka na kunywea mara milioni moja au zaidi kwa sekunde. Msukosuko huo hufungua ukuta wa mshipa kwa muda, na dawa hupenya. Mwaka 2015, katika hospitali ya Sunnybrook mjini Toronto, Kanada, madaktari walitumia njia hii kupitisha dawa hadi kwenye uvimbe wa ubongo wa mgonjwa.

Je, ni jicho gani liwezalo kuona tendo la haraka namna hiyo? Hapo ndipo umuhimu wa hadubini iliyofungwa kamera ya kasi unapodhihirika. Huko Uholanzi, wataalamu wa Rotterdam na wa Chuo Kikuu cha Twente waliunda kamera iitwayo Brandaris 128, waliyoieleza kwa ulimwengu mwaka 2003. Kioo chake kizungukacho hutupa picha juu ya vipokea nuru 128, kwa mwendo wa picha milioni 25 kwa sekunde. Kwa kamera za namna hiyo imeonekana kwamba kiputo kikitikiswa kwa kiasi huifungulia dawa njia. Kikitikiswa kupita kiasi hupasuka na huweza kuujeruhi mshipa. Kati ya tiba na madhara kuna kipimo tu, na kipimo hakipatikani bila kuona.

Wako watakaosema kwamba mambo hayo ni ya mataifa tajiri, na kwamba Singida ishughulikie alizeti na vitunguu. Fikra hizo ni kasumba. Tiba hiyo ikikamilika italetwa hapa pia, na swali litakuwa moja: je, atakuwapo Mtanzania ajuaye kipimo chake, au tutanunua sanduku lililofungwa na kumngoja mgeni aje kulifungua?

Jibu linaandaliwa leo. Mwalimu wa fizikia afundishaye mawimbi kwa chaki peke yake, na mwanafunzi amalizaye sekondari bila kuchungulia hadubini, ni hasara kwa Taifa. Mtumishi wa umma apangaye fedha za mashine akasahau fundi wa kuitunza hununua chuma kitakachofunikwa vumbi. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, haikukusudiwa kuishia kwenye jembe. Kujitegemea ni pamoja na kujionea wenyewe, hata kile kidogo kisichoonekana kwa macho. Kazi hiyo hapana budi ianzie darasani.