Mapato ya Sirini na Haki ya Wote

Ndugu waumini, mwalimu na mwuguzi hukatwa kodi kabla mshahara haujafika mikononi mwao. Aliyejiajiri hutangaza mapato yake mwenyewe, na baadhi yetu hudhani kwamba kisichoandikwa hakionekani.

Tusijidanganye. Tangu 2010 mashine za kodi za kielektroniki zinapeleka taarifa za mauzo kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania. Fundi akiihudumia kampuni, kampuni hiyo humkata kodi ya zuio ya asilimia 5 na kuiwasilisha kwa jina lake. Afisa wa kodi hulinganisha bidhaa zilizonunuliwa kwa jumla, mizigo iliyopita forodhani, fedha zilizoingia benki, nyumba iliyojengwa na gari lililosajiliwa. Maisha yanayoonekana yakizidi mapato yaliyotangazwa, maswali hayakwepeki.

Hata hivyo, twasema wazi: njia hizi humfikia upesi mwenye kiduka kando ya barabara, ilhali msomi anayelipwa fedha taslimu faraghani, bila stakabadhi, huweza kupita. Hiyo si haki. Uchunguzi na uanzie kwa wenye nacho.

Nasi tunao wajibu. Tununuapo, tudai stakabadhi, tuuzapo, tuitoe. Tuandike hesabu kila siku, kwa maana asiye na hesabu hukadiriwa, na makadirio hayazijui siku alizorudi nyumbani bila kuuza kitu. Afichaye mapato humtwika jirani mzigo wake, na mara nyingi jirani huyo ni maskini kuliko yeye.